Mistari Mitatu ya Scolastique

Vijana wangu, kila mnaponitembelea hapa nyumbani, mkishakunywa chai na kunisifia ndizi zangu, swali lenu ni lile lile: Mama Neema, ni amri gani ya kompaila inayofanya programu ikimbie kuliko zote? Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza ni amri gani inayofanya programu iseme kweli. Sikasiriki. Nami nikiwa na umri wenu nilipenda vitu vinavyokimbia. Marehemu mume wangu nilimpenda kwanza kwa sababu ya pikipiki yake, na tabia zake nyingine nilikuja kuzigundua baadaye, taratibu.

Nimestaafu, kama neno hilo linamfaa mtu ambaye simu yake bado inalia kila umeme unaporudi Rumonge. Miaka yangu ya kazi niliimalizia kwenye mwambao huu wa Ziwa Tanganyika, Burundi, kutoka Muhuta kushuka hadi Nyanza-Lac, nikitengeneza kompyuta za shule, za wauza ndagala, yaani dagaa, na za vyama vya ushirika vya mawese, ambavyo huku tunaviita kooperative. Karibu zote zilitumia programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi na kila mtu anaruhusiwa kuusoma na kuubadilisha. Tulizitumia kwa sababu hatukuweza kununua zile nyingine. Baadaye walikuja watu wa semina wakatufundisha kusema kwamba tulikuwa na falsafa.

Kwa wale ambao bado hamjaanza somo hili, nieleze kidogo. Mtu huandika programu kwa mistari inayosomeka, na kompaila huisaga mistari hiyo kuwa kitu ambacho mashine inakielewa. Ni kama kinu cha mawese: chikichi zinaingia upande huu, mafuta yanatoka upande ule, na ukishakuwa na mafuta mkononi huwezi tena kunionyesha chikichi ipi ilikuwa ipi. Sasa, unapoiamuru kompaila isage, unaweza kuiongezea amri ndogo ndogo zinazoanza na kistari. Kuna -O1, kuna -O2, kuna -O3, na namba inavyopanda ndivyo kompaila inavyojipa ruhusa zaidi ya kupanga upya kazi yako, kuifupisha, na kutupa kile inachoona hakina faida. Mara nyingi inatupa vizuri. Mimi mwenyewe nimetumia -O2 maisha yangu yote na nimelala usingizi. Ninayotaka kuwasimulia inahusu amri nyingine.

Lakini kwanza niwaambie habari za mjusi, maana bila mjusi hamtaelewa nilichofanya.

Kazi hii nilianza kujifunza ukimbizini, kambini, upande wa Kigoma, kwa fundi wa redio aliyeitwa Mzee Zabroni. Alikuwa mtu wa maneno machache na koti moja. Siku moja aliniachia redio ya mchungaji iliyokuwa bubu. Ndani ya kifuniko kulikuwa na karatasi yenye mchoro wa nyaya zote, nami nilikuwa nimeshajifunza kusoma michoro, basi nikaufuata waya kwa waya, nikamtangazia kwamba kwa mujibu wa mchoro redio hii ni nzima. Mzee Zabroni hakubishana nami. Aliigeuza redio juu chini, akaigonga mgongoni, mjusi mkavu akadondoka mezani. Alikuwa amekufa akiwa amelala kati ya vipande viwili vya chuma ambavyo vilipaswa kugusana. Mzee akaniuliza, kwa upole kabisa, nimwonyeshe mjusi huyo yuko wapi kwenye mchoro. Tangu siku hiyo, mtu akiniambia kitu hakifanyi kazi na karatasi inasema kinafanya, mimi natafuta mjusi.

Haya, turudi Rumonge. Kulikuwa na kooperative ya akina mama waliokamua mawese, karibu na ziwa. Mafuta yakishakamuliwa huwa bado yana maji, kwa hiyo huchemshwa kwenye tangi kubwa hadi maji yaishe. Moto ulikuwa wa makapi ya chikichi, na feni ya umeme ndiyo iliyoupuliza. Moto ukizidi, mafuta yanaungua, yanatoa moshi, na yakiachwa yanashika moto. Basi tulifunga kompyuta ndogo isiyozidi kipande cha sabuni, ikawa inasoma joto la tangi kupitia kipimo chenye waya, na joto likifika kiwango, inazima feni. Programu tuliitoa kwenye mtandao. Ilikuwa imeandikwa na watu wa mbali sana kwa ajili ya kutengeneza jamu, mimi nikairekebisha kwa mawese, na jamu haikulalamika.

Tangi lilikuwa chini ya ulinzi wa Scolastique. Huyu alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya kwanza kwenye kwaya ya kanisa, na mwenye kuionea mashine huruma kama mtoto mchanga. Kila baada ya kuchemsha aliliosha tangi kwa maji ya moto na majivu, na kabla ya kuliosha aliizima mashine, akauchomoa ule waya wa kipimo, akauviringisha kwenye kipande cha kitenge safi, akauweka mahali pa juu ili maji yasiuguse. Fundi wa mjini angesema waya ule umetengenezwa kuvumilia maji. Scolastique angemjibu kwamba hata yeye anavumilia maji, lakini hapendi kumwagiwa.

Siku ya kuifunga mashine aliniuliza itakuwaje waya ukisahaulika ndani ya kitenge. Nikamwambia yeye si mtu wa kusahau. Akanikatalia.

"Miye ni mutu, Mama Neema. Siku moja nitasahau. Ile siku, mashine ipige kelele."

Nilikaa chini nikaandika mistari mitatu. Waya ukiwa umechomolewa, kipimo hakirudishi joto. Kinarudisha thamani ya ajabu ambayo kwenye kazi yetu tunaiita "si namba". Mistari yangu ilisema hivi: kama kilichokuja si namba, zima feni, piga sireni. Tukajaribu. Sireni ililia hadi bata wa jirani wakakimbilia ziwani, na Scolastique akapiga makofi. Kwangu mimi kazi ile ilikuwa imekwisha, nikaondoka zangu, na muda si mrefu nikawa Muhuta kwenye kompyuta za shule.

Nilipokuwa huko, kooperative ikapata injinia kutoka Bujumbura. Aliitwa Fabrice. Naomba msimcheke, alikuwa kijana mwema, mwenye shati lililopigwa pasi na heshima kwa wakubwa, na angekuwa hapa angekunywa chai nanyi. Kwenye skrini ya mashine kulikuwa na mchoro wa joto unaopanda na kushuka, na mchoro ule ulikuwa unakwenda kwa kushtukashtuka. Wageni wa wafadhili walikuwa wanakuja. Fabrice akaona aibu. Akaingia kwenye mtandao, akakuta vijana wanaoshindana michezo ya kompyuta wakishauriana amri za kuongeza kasi, akazinakili zote bila kubagua, akaisaga programu upya. Mchoro ukaanza kuteleza kama mafuta yenyewe. Wageni walipiga picha, walipiga makofi, walisema neno "modernisation", yaani usasa, mara nyingi. Mafuta yalichemka kwa muda ule ule wa siku zote, maana mawese hayajawahi kuwa na haraka, lakini hilo halikuonekana kwenye picha.

Miezi ikapita na Scolastique hakusahau. Kisha ikaja asubuhi ambayo wakulima wa Bugarama waliteremsha chikichi zao mapema kuliko kawaida, nyingi, na wote wakataka kupokelewa kwa wakati mmoja. Scolastique aliitwa kusaidia akiwa ndiyo kwanza amemaliza kuosha. Waya ukabaki ndani ya kitenge. Mwenzake, bila kujua, akajaza tangi, akawasha mashine na moto kama ilivyo desturi, feni ikapuliza, na ikaendelea kupuliza. Watu waligundua walipoona moshi mweusi juu ya bati. Scolastique ndiye aliyekimbia kuvuta makapi kutoka motoni, na mkono wake ukaungua hadi kwenye kiwiko. Mafuta ya wiki nzima yaliharibika. Nashukuru Mungu hatukumzika mtu.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo shida ilipoanza. Scolastique alikiri mbele ya komite, yaani kamati ya kooperative, kwamba alisahau waya. Hakujitetea hata kidogo kwa hilo. Alisema jambo jingine moja tu: kwamba sireni haikulia. Komite ikamwita Fabrice. Fabrice akabonyeza kitufe cha kujaribia sireni, ikalia vizuri sana. Kisha akafungua msimbo kwenye skrini, akawaonyesha ile mistari mitatu, akawasomea neno kwa neno kwa Kirundi, ili kila mama aelewe. Imeandikwa hapa, alisema, waya ukitoka sireni inalia. Programu ni huria, iko wazi, dunia nzima inaweza kuisoma.

Kwa hiyo programu ilisema sireni ililia, na mwanamke alisema haikulia. Mnadhani walimwamini nani? Wakahitimisha kwamba Scolastique aliikata sauti ya sireni kwa sababu ilimkera, kisha akairudisha baada ya ajali, na sasa anadanganya. Mistari niliyoiandika kwa ombi lake ndiyo iliyotolewa kama ushahidi dhidi yake. Wakampa hadi mkutano ufuatao aseme kweli, la sivyo aondoke kwenye kooperative. Kosa la kusahau wangemsamehe. Uongo walikataa kuusamehe.

Alinipigia simu yeye mwenyewe. Hakulia. Aliniambia kwaya imeanza kuimba bila kumsubiri, na mtu aliyemzoea Scolastique anajua kwamba hicho kilikuwa kilio. Nikapanda gari la kwanza lililotoka Muhuta kwenda Rumonge.

Nawaungamia kwamba njiani sikuwa na uhakika naye. Mistari ile niliiandika mimi, niliijua, ilikuwa sahihi. Nilipofika niliisaga programu kwenye kompyuta yangu kwa amri zangu za siku zote, nikaunganisha kipimo, nikachomoa waya. Sireni ikalia.  Kidogo nianze kutafuta maneno ya kumshauri aombe radhi. Kisha nikamkumbuka mjusi. Niliyoijaribu ilikuwa programu yangu, kwenye kompyuta yangu. Mafuta hayakuungulia kwenye kompyuta yangu.

Nikaenda kwenye mashine yenyewe, ile ya tangini, nikachomoa waya. Kimya. Fabrice alikuwa amesimama nyuma yangu, nikasikia anaacha kutafuna ubani.

Tuliongeza mstari mmoja wa kuiambia programu itangaze ilichokipokea, tukaisaga kwa amri zake yeye Fabrice, tukachomoa tena. Ikaandika kwenye skrini, kwa herufi zake yenyewe: si namba. Mstari uliofuata uliiuliza: je, hii si namba? Nayo ikaendelea na safari kana kwamba imejibu kuwa ni namba safi kabisa. Nimeishi na watu wa namna hiyo, lakini kwenye mashine ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona. Fabrice alisema haiwezekani. Nikamwambia alete kiti.

Tukaifungua programu iliyokwishasagwa, ile ambayo macho ya mtu hayakukusudiwa kuitazama, tukaanza kuitafuta sireni humo ndani. Haikuwemo. Mistari yangu mitatu, iliyokuwa inasomeka vizuri kwenye msimbo, kwenye kitu kinachofanya kazi haikuwepo hata chembe. Kitufe cha kujaribia kiliweza kuiliza sireni kwa sababu kilipita kwenye waya wake wa pembeni, hakikuhitaji programu.

Aliyeitoa ni kompaila, na kompaila haikukosea. Kati ya zile amri za vijana wa michezo ilikuwemo moja inayoandikwa -ffast-math. Amri hii inafanya hesabu zikimbie, na bei yake ni ahadi. Anayeiandika anaiapia kompaila kwamba kwenye hesabu zake, "si namba" haitatokea kamwe. Kompaila ni mtumishi mtiifu. Ukiiapia kwamba jambo halitatokea, inaona hakuna haja ya kupoteza muda kuuliza kama limetokea, basi inafuta swali, na inafuta na kile ambacho kingefanyika baada ya swali. Fabrice aliapa bila kujua anaapa. Alidhani anaomba kasi.

Siku ya mkutano niliomba mashine iletwe mezani na kipimo chake. Prezida wa komite, yaani mwenyekiti wake, alikuwa Mama Zaina, Mswahili wa hapa hapa mjini, mfanyabiashara mkali asiyependa kuzungushwa. Nikamwomba achomoe waya yeye, kwa mkono wake, asije akasema nimefanya mazingaombwe. Akachomoa. Sireni haikulia. Kisha Fabrice akaifuta ile amri moja, hiyo tu, mistari yangu hakuigusa, akaisaga programu upya mbele yao. Mashine ile ilikuwa kongwe, ilichukua muda, chai ikanywewa. Nikamwomba Mama Zaina achomoe tena.

Bata wa jirani, nadhani, wanaikumbuka siku hiyo hadi leo.

Fabrice ndiye aliyeeleza, wala sikumlazimisha. Alieleza habari ya ahadi kwa maneno mepesi, na akasema amri ile aliiweka yeye. Watu wote wakageuka kumtazama Scolastique, wakisubiri afurahi au akasirike. Alikuwa amekaa na mkono wake umefungwa bandeji, anafikiri.

"Kumbe muliiambia mashine kama miye sitasahau hata siku moja?"

"Ndiyo, Mama," Fabrice akasema. "Niliiambia hivyo."

"Na yenyewe ikaamini?"

"Ikaamini."

"Hata bwana yangu haniamini namna hiyo."

Chumba kizima kilicheka, isipokuwa Mama Zaina. Yeye alisimama, akapita kati ya watu hadi alipokaa Scolastique, akamwomba msamaha kwa sauti ambayo hata waliokuwa dirishani waliisikia. Mimi nililia. Nilisingizia kelele ya sireni, na hakuna aliyenisadiki.

Fabrice alibaki nasi muda mrefu baada ya hapo, akawa fundi mzuri sana. Alijifunza kubadilisha amri moja moja na kujaribu baada ya kila moja, na kuijaribu kwenye mashine itakayofanya kazi, iliyosagwa vile vile itakavyosagwa. Alijifunza pia kuharibu kwa makusudi. Kila Jumatatu, kabla ya moto kuwashwa, Scolastique aliuchomoa waya ili aisikie sireni kwa masikio yake, na mtaa mzima ukaacha kununua saa za kuamshia.

Nilibakiwa na jambo moja. Programu ile ilikuwa huria, inatumika na watu nisiowajua, na kila mmoja wao alikuwa na Fabrice wake mahali fulani. Kwa bahati njema kompaila nyingi, zikipewa ile amri ya kiapo, huacha alama ambayo msimbo unaweza kuiona wakati wa kusagwa. Nikaandika mistari mingine mitatu, juu kabisa ya faili: ukiiona alama hiyo, kataa kusagwa, na umweleze anayekusaga sababu. Hapo kwenye sababu nilifikiri sana. Maelezo marefu ya hesabu yalikuwa yananichosha hata mimi. Mwishoni nikaandika kwa Kiingereza kifupi, ili wa mbali waelewe, maneno ambayo kwa lugha yetu ni haya: Acha. Scolastique anaweza kusahau.

Nikawatumia wale watu wa jamu. Walijaribu, wakashtuka, wakaikubali, wakauliza Scolastique ni nani na kama ningependa kuweka maneno rasmi zaidi. Nikawajibu kwamba ndiye anayelinda tangi, na kwamba sipendi. Wakayaacha kama yalivyo.

Nilikwenda kumweleza Scolastique mwenyewe, nikamkuta anaviringisha waya kwenye kitenge, mkono umepona na kovu lake. Nikamwambia popote duniani mtu akitaka kuisaga programu hii kwa kiapo cha uongo, mashine itamgomea na kumtajia jina la Scolastique. Akaacha kuviringisha.

"Sasa dunia muzima inajua kama ninasahau."

"Ndiyo, Scolastique."

"Na mashine inakataa kabisa, mpaka wakubali kama miye nitasahau?"

Nikamwambia inakataa kabisa. Akauweka waya mahali pake pa juu, akajifuta mikono.

"Basi iache vile," akasema, kisha akanishukuru kwa Kirundi. "Murakoze."